Wanafunzi wa uuguzi wafundishwe kumhudumia mgonjwa asiyelingana na kadi yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na wakuu wa vyuo vya uuguzi, wakufunzi wenzangu na wale wanaoandaa mitaala, kuhusu wagonjwa ambao katika miaka yote niliyofundisha uuguzi hapa Tanga sikuwahi kuwaona wakitajwa katika ratiba ya darasa. Wapo watu ambao jinsi wanavyojitambua hailingani na jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa, ambao siku hizi huitwa transijenda, na wapo waliozaliwa na maumbile ya jinsia yasiyo dhahiri, ambao sisi watu wa pwani tunawaita huntha. Haya ni makundi mawili tofauti na mahitaji yao ya tiba hayafanani, lakini yote mawili huishia mahali pamoja, mbele ya muuguzi ambaye hakuna aliyemwandaa kuwapokea.

Nasema muuguzi, si daktari, kwa makusudi. Katika zahanati za vijiji vya Pangani au Mkinga mtu anaweza kuja, akapimwa, akapewa dawa na kurudi nyumbani bila kumwona daktari. Muuguzi ndiye anayemwita jina, anayemuuliza shida yake, anayefunga mlango au kuuacha wazi, anayemchoma sindano, anayemwekea mpira wa mkojo, na usiku ndiye aliyebaki naye wodini. Ujuzi wa daktari bingwa haumfikii mgonjwa aliyekwisha kugeuka pale mapokezi akarudi kwao.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho, aliporudi kutoka mafunzo kwa vitendo katika hospitali moja ya mwambao huu, alinisimulia jambo ambalo bado linaniuma. Kijana aliyevaa baibui na mtandio alifika akiwa na homa kali. Jina la kwenye kadi yake lilikuwa la kiume, na muuguzi wa zamu akaliita kwa sauti mara ya kwanza na ya pili, kisha mara ya tatu akaongeza maneno ambayo sitayarudia hapa. Benchi zima likacheka, na wahudumu wa chumba cha jirani wakaja kuchungulia. Kijana yule akaondoka kabla hajatolewa damu ya kupima malaria. Mwanafunzi wangu akaniuliza, "Mwalimu, kama ningekuwa mimi zamu, ningefanya nini?" Hilo ni swali la kitaaluma lenye jibu la kitaaluma, na alistahili kulikuta jibu hilo tangu mwaka wa kwanza katika somo la kumpokea mgonjwa. Hakulikuta kwa sababu halimo.

Jibu lenyewe wala si gumu. Mgonjwa anaweza kuitwa kwa namba ya kadi au kwa jina la ukoo. Akishaingia, mlango hufungwa, kisha huulizwa kwa upole angependa aitwe nani, na akiridhia, jina hilo huandikwa kwenye faili ili zamu inayofuata isianze kumhoji upya. Maswali ya viungo vya uzazi huulizwa pale tu ugonjwa unapoyahitaji, na sababu ya kuuliza huelezwa kabla ya swali. Mwenye homa na maumivu ya kichwa hupimwa kama mwenye homa mwingine yeyote. Wanafunzi hawaitwi kuja kumtazama. Akilazwa, swali la wodi ya wanaume au ya wanawake huzungumzwa naye kwanza, na palipo na chumba cha pembeni hupewa, kwa sababu wodi zetu zimejengwa kwa mgawanyo huo na hakuna muuguzi wa zamu ya usiku anayepaswa kuubuni utaratibu huu peke yake saa nane ya usiku.

Lakini adabu peke yake haitoshi, na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba muuguzi mwenye utu hahitaji somo. Mwaka 2019 jarida la tiba la New England la Marekani lilichapisha taarifa ya mgonjwa wa miaka 32 aliyefika idara ya dharura akiwa na maumivu makali ya tumbo. Kwenye kumbukumbu za hospitali aliandikwa mwanamume. Mwenyewe alimwambia muuguzi aliyempokea kwamba ni transijenda, na kwamba asubuhi ile alijipima ujauzito nyumbani na kipimo kikaonyesha anao. Muuguzi akamwona kama mwanamume mnene mwenye presha ya kupanda aliyeacha kutumia dawa zake, akampanga katika kundi la wasio na dharura. Zilipita saa kadhaa kabla daktari hajamwona na kutambua kwamba alikuwa katika uchungu wa kuzaa na kitovu cha mtoto kimetangulia kutoka kabla ya mtoto mwenyewe. Mtoto alizaliwa akiwa amekwisha kufa. Waandishi wa taarifa ile hawakulaumu chuki. Walieleza kwamba muuguzi aliyasikia maneno ya mgonjwa, ila katika mafungu aliyokuwa nayo kichwani hapakuwa na fungu la kumweka mtu wa namna ile, na kwa hiyo maneno hayo hayakubadilisha uamuzi wake. Kila mkunga wa Tanga anajua dakika zinavyohesabiwa kitovu kinapotangulia. Upole wote wa dunia usingemwokoa mtoto yule, ila ujuzi ungeweza.

Kuna visa vingine vinavyojulikana. Tyra Hunter alipata ajali ya gari mjini Washington tarehe 7 Agosti 1995, na mmoja wa waokoaji aliyekuwa akimhudumia aliacha kazi na kumfanyia dhihaka alipogundua maumbile yake. Alifariki siku hiyo hiyo, na mwaka 1998 mahakama iliamuru mama yake alipwe fidia ya dola milioni 2.9. Robert Eads wa jimbo la Georgia, aliyeishi kama mwanamume, alipata saratani ya ovari na akakataliwa na madaktari zaidi ya 20 kabla ya kumpata wa kumtibu. Alifariki Januari 1999. Navitaja visa vya Marekani kwa sababu kule vilichunguzwa na kuandikwa. Huku kwetu mambo ya namna hii huishia kwenye benchi la mapokezi.

Somo la dawa ndilo ambalo ningependa liangaliwe kwa makini kuliko yote. Katika nchi nyingi watu hawa hutumia homoni bila usimamizi, mara nyingi vidonge au sindano za uzazi wa mpango zilizonunuliwa dukani, tena kwa vipimo vikubwa kuliko vilivyokusudiwa. Estrojeni, yaani homoni ya kike, huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa, na ile iliyomo katika vidonge vingi vya uzazi wa mpango ni ya aina yenye hatari kubwa kuliko estradioli inayotumiwa na wataalamu. Hatari hupanda zaidi kwa mvutaji wa sigara. Basi muuguzi anayemwona mtu aliyevimba mguu mmoja, au anayehema kwa shida na kuumwa kifua, asipojua kuuliza kuhusu vidonge hivyo, na mgonjwa asipothubutu kuvitaja, wote wawili wako gizani. Spironolaktoni, dawa ya kukojosha ambayo hutumika pia kuzuia homoni za kiume, huweza kupandisha kiwango cha potasiamu katika damu. Testosteroni, yaani homoni ya kiume, huongeza chembe nyekundu hadi damu ikawa nzito, na majibu ya maabara ya mtu anayeitumia husomwa kwa kuzingatia hilo. Vivyo hivyo, aliyebaki na shingo ya kizazi anahitaji kuchunguzwa saratani hata kama ana ndevu, na aliyefanyiwa upasuaji akawa na maumbile ya kike bado ana tezi dume. Haya ni mambo ya dawa na maumbile tu, na yanaingia katika vipindi vilivyopo bila kuongeza hata mhula mmoja.

Kuhusu VVU, uchambuzi wa tafiti za nchi 15 uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba asilimia 19.1 ya wanawake transijenda waliopimwa walikuwa wakiishi na virusi. Katika uchunguzi mkubwa wa Marekani wa mwaka 2015, ulioshirikisha watu 27,715, asilimia 23 walisema kwamba katika mwaka uliotangulia walihitaji kumwona daktari wasiende kwa kuogopa kutendewa vibaya. Takwimu hizi mbili zisomwe pamoja: kundi lenye maambukizi mengi ndilo linalokimbia mlango wa hospitali. Wapo pia wanaoacha dawa za kufubaza virusi kwa kudhani zitaharibu homoni zao, ilhali dolutegravir, iliyomo katika vidonge vya TLD vinavyotolewa kwenye kliniki zetu za huduma na tiba kwa wenye VVU (CTC), haina mgongano wa kutisha na estrojeni. Muuguzi wa CTC angeyasema hayo kwa dakika moja, kama angekuwa ameyasoma.

Na jambo hili limekwisha kufika mikononi mwa muuguzi wa kawaida, tutake tusitake. Februari 2017 serikali ilivizuia vituo 40 kutoa huduma za VVU kwa makundi maalumu, yaani yaliyo katika hatari kubwa ya maambukizi, ikasema huduma hizo ziendelee kupatikana katika vituo vya kawaida. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi iliyowahudumia watu wa makundi hayo ikayumba au kufungwa. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu maamuzi hayo mawili, ila tokeo lake kwa chuo cha uuguzi ni moja: mgonjwa aliyekuwa akipokewa na mhudumu aliyefunzwa kwa ajili yake sasa anakuja dirisha lile lile tunaloenda sisi sote. Tukimwambia aje kwenye kituo cha umma, ni wajibu wetu kumwandaa anayekaa hapo.

Niruhusu, Ndugu Mhariri, nikae kidogo kwenye chumba cha kujifungulia, kwa sababu huko ndiko mwanafunzi wa ukunga atakakokutana na suala hili hata kama hatamwona transijenda maishani mwake. Mara chache, lakini kwa hakika, huzaliwa mtoto ambaye mkunga akimtazama hawezi kusema ni wa kike au wa kiume. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019, iliyokuwa ya kwanza nchini humo kuwahesabu watu wa namna hii, iliwakuta 1,524; nasi tunapakana na Kenya pale Horohoro. Sababu moja ya hali hiyo ni hitilafu ya kurithi katika tezi zilizo juu ya figo, inayomfanya mtoto mwenye kizazi na ovari azaliwe na maumbile ya nje yanayoonekana ya kiume. Katika aina kali ya hitilafu hiyo mwili hupoteza chumvi, na kwa kawaida kati ya wiki ya kwanza na ya tatu mtoto huanza kutapika, kulegea na kuishiwa maji mwilini, na asipotibiwa hufa. Dawa zake zipo, nazo ni haidrokotizoni, fludrokotizoni na chumvi, lakini za nini ikiwa mtoto ameruhusiwa kurudi kijijini kesho yake, mama ameambiwa afunge mdomo, na bibi amemtafutia jina la haraka ili majirani wasiulize?

Mkunga aliyefundishwa angefanya kinyume chake. Angemwambia mama kwa utulivu kwamba mtoto ni mzima, ila maumbile yake yanahitaji kuangaliwa na mtaalamu kabla ya kutaja jinsia, asingebahatisha, angempa rufaa siku ile ile na kueleza dalili za hatari kwa lugha ambayo mama ataikumbuka usiku. Angejua pia kwamba upasuaji wa kurekebisha sura ya viungo vya mtoto asiye hatarini si jambo la kuamuliwa kwa pupa wodini ili kuwaondolea watu wazima aibu. Na angeitunza siri ya familia ile. Mama aliyezungumziwa korido nzima haleti mtoto kliniki tena, na mtoto huyo anahitaji kliniki kuliko wenzake wote.

Najua wapo wakufunzi wanaoogopa kuligusa somo hili, na sidhani hofu yao ni ya kubezwa. Wanaitazama sheria. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo la kujamiiana kinyume cha maumbile kwa kifungo kisichopungua miaka 30 na kinachoweza kuwa cha maisha. Kifungu hicho kinahusu tendo. Hakimwagizi muuguzi achunguze nani amelala na nani kabla ya kufunga kidonda, wala hakimpi ruhusa ya kumwacha mgonjwa. Mfungwa aliyekwisha kuhukumiwa huletwa wodini na askari, nasi humtibu kwa sababu hiyo ndiyo kazi yetu, na hakuna aliyewahi kutushtaki kwa kuunga mkono wizi. Kwa upande mwingine, Ibara ya 12 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake, na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa kwa wanaoishi na VVU na inamtaka mtoa huduma atunze siri zao.

Wengine wanaitazama dini. Nimelelewa Ngamiani katika nyumba ya Kiislamu, na ninajua kwamba wanazuoni wa fikihi walijadili kwa karne nyingi mirathi ya huntha, nafasi yake katika safu za swala, na nani amwoshe anapofariki. Hawakuona haya kulichambua jambo hilo kwa undani, kwa sababu huntha alikuwapo na alihitaji hukumu. Kuhusu transijenda maoni ya viongozi wa dini ni tofauti na mengi ni makali, nami sitayafunika kwa maneno matamu. Hata hivyo, sijawahi kusikia mimbari ya msikiti au ya kanisa ikifundisha kwamba mwenye homa aachwe aende zake bila kupimwa, au kwamba siri ya mgonjwa isimuliwe sokoni. Muuguzi anaweza kubaki na imani yake yote na bado akaweka mpira wa mkojo kwa usafi, kwa ukimya na kwa heshima.

Wapo pia wanaosema haya ni maradhi ya akili, kwa hiyo yabaki kwenye somo la afya ya akili. Kitaalamu hoja hiyo imepitwa na wakati. Toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, liliiondoa hali hii katika sura ya matatizo ya akili na kuiweka katika sura ya afya ya ujinsia. Mwanafunzi anayehitimu leo akiwa na maelezo ya zamani anahitimu na kosa.

Ufundishaji wenyewe ufanyweje? Kwanza tusidhani kwamba wenzetu wa nchi tajiri wamekwisha kumaliza. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 uliwauliza wakufunzi wa shahada ya uuguzi nchini Marekani ni muda gani wanaoutumia kwa afya ya mashoga, wasagaji na transijenda kwa ujumla, na kiwango cha katikati (median) kilikuwa saa 2.12 tu. Nisingependa nasi tutenge saa mbili za Ijumaa jioni, tumlete mgeni azungumze, tupige picha, kisha wanafunzi wasahau. Somo hili likae ndani ya masomo yaliyopo: kupokea mgonjwa na kuandika historia yake, dawa, ukunga, maadili, huduma kwa wanaoishi na VVU. Kisha lipimwe katika mtihani wa vitendo, kwa sababu sote tunajua mwanafunzi husoma kile kitakachotahiniwa. Katika maabara ya stadi mwanafunzi mmoja aigize mgonjwa ambaye kadi yake inasema hivi na sura yake vile, mwingine ampokee, na mkufunzi aangalie mlango umefungwa au la, sauti ilikuwaje, swali lipi liliulizwa bila sababu, na lipi la lazima lilisahaulika. Mazoezi hayo yamchukue mwanafunzi mpaka ulimi wake uzoee, maana aibu ya muuguzi huonekana usoni, na mgonjwa aliyezoea kuchekwa huiona kabla hata ya kuketi.

Vifaa vya kusomea havikosekani, tena vya Afrika. Chama cha matabibu wa VVU cha nchi za kusini mwa Afrika kilitoa mwongozo wa huduma kwa transijenda mwaka 2021 kwa ajili ya Afrika Kusini, na mambo mengi yaliyomo, hasa ya dawa na vipimo, yanaweza kutafsiriwa na kurekebishwa yaendane na zahanati zetu. Kazi hiyo ifanywe na wakufunzi wenyewe, wanaojua ni dawa gani zipo stoo na ni mashine ipi haifanyi kazi.

Ninachoomba ni kwamba Baraza la Uuguzi na Ukunga na NACTVET, yaani baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, watakapoupitia tena mtaala wa stashahada, waingize mambo haya kwa majina yake, ili mkufunzi anayeyafundisha awe anafuata mtaala na si anayejitafutia matatizo. Kabla ya hapo wakuu wa vyuo vya hapa Tanga wanaweza kuanza na mawili yasiyohitaji kibali cha mtu, yaani mtoto mwenye maumbile yasiyo dhahiri katika somo la ukunga, na namna ya kumwita na kumhoji mgonjwa yeyote kwa faragha. Kwa wakufunzi watakaotaka, nimeandaa maswali kadhaa ya mtihani wa vitendo kwa Kiswahili pamoja na karatasi ya kutolea alama, na niko tayari kukaa nao siku yoyote tuyapitie.

Mkufunzi mstaafu wa uuguzi,
Chumbageni, Tanga.